Vikopo Sitini vya Mutarule

Spès Kaneza alipofika kikopo cha thelathini alishindwa kuendelea kuketi. Aliinuka, akaizunguka meza ya maabara mara mbili, kisha akainama tena kwenye hadubini haraka haraka, kana kwamba mayai yale yangetoroka wakati yeye ananyoosha mgongo. Hayakutoroka. Yalikuwa palepale, ya rangi ya manjano, marefu kidogo, kila moja na mwiba wake pembeni. Mwiba huo ndio unaomwambia fundi wa maabara kwamba anatazama kichocho cha tumbo na si kitu kingine. Furaha ilimpanda mpaka akacheka peke yake. Najua, si vizuri kuchekea ugonjwa wa watu, na yeye pia alijua. Lakini mwulize fundi yeyote aliyekaa miezi mitatu akitazama vioo vya hadubini vitupu, kama hatakuambia kwamba naye angecheka.

Sababu ya kiwewe hicho ilikuwa tangazo lililobandikwa mlangoni mwa chuo chake cha ufundi wa tiba pale Uvira. Shirika moja la ng'ambo lilitaka wanafunzi kumi wa kwenda kujifunza utafiti wa magonjwa kwa miaka miwili katika maabara kubwa ya Dakar. Halikutaka watoto wa miji mikubwa peke yao. Lilitaka wale wanaotoka sehemu ambazo watafiti huzipitia kwa gari, wakachukua damu ya watu na kuondoka. Sharti lilikuwa moja: mwombaji aonyeshe kazi aliyoifanya pamoja na watu wake, na kazi hiyo imewafaa nini. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Spès alilisoma tangazo hilo mara nne, akalipiga picha kwa simu, akaenda zake akitembea huku anakimbia.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mtoto pekee wa Pudentienne, mjane wa Mutarule anayelima mpunga katika bonde la Ruzizi. Mapenzi yake ya maabara yalianza akiwa na miaka kumi na mmoja, siku aliyopelekwa kituo cha afya akitetemeka kwa homa. Fundi mmoja mwenye huruma alimwinua na kumwacha achungulie tone la damu yake mwenyewe. Aliwaona wadudu wa malaria yake, akasahau kulia. Tangu siku ile mama yake aliuza mpunga, akauza na mbuzi, na kila mwaka wa vita walipokimbia na kurudi, kitu cha kwanza kilichofungwa kwenye mzigo kilikuwa madaftari ya Spès.

Maabara aliyokuwa akifanyia kazi hiyo ilikuwa ya Mzee Asani, mtaa wa Mulongwe. Ni chumba kimoja chenye pazia, hadubini mbili na kabati la dawa. Mzee Asani ni Mwislamu wa ukoo wa wale wafanyabiashara waliofika zamani na misafara ya ziwani, na usafi wake unachosha watu. Hutia bismillahi kabla ya kila kioo, hata cha mkojo. Wateja walipokwisha kuondoka mchana, alimwachia Spès hadubini moja bila kumwomba chochote, ila asiiguse ile nyingine.

Vikopo vyenyewe vilikusanywa Mutarule. Jumapili ileile ambayo redio ilitangaza kwamba Bukavu imeshikwa, Spès alisimama mbele ya watu baada ya misa. Alieleza kwa Kirundi cha nyumbani, bila maneno ya shule, kwamba anaomba nyumba sitini, kila nyumba kikopo kimoja cha choo kikubwa, kiasi cha punje ya haragwe tu. Watu walicheka wakazibana pua. Hapo ndipo alipofanya kosa lake. Kwa kutaka kuwagusa moyo alisema kwamba huu ndio mtihani wake mkubwa kuliko yote, na kwamba vikopo hivi ndivyo vitakavyompitisha au kumwangusha. Kweli waliguswa, tena kupita alivyohitaji. Kesho yake asubuhi, vikopo sitini vilikuwa vimepangwa ukutani kwa Pudentienne, vimeoshwa nje, vimefungwa kwa majani ya mgomba, kila kimoja na jina la nyumba yake. Spès alivikumbatia vyote kifuani, akapanda moto, yaani pikipiki ya abiria, kurudi Uvira, huku familia za kwanza za Kamanyola zikipita barabarani na magodoro kichwani.

Mpaka Jumatano adhuhuri alikuwa amemaliza. Vikopo hamsini na viwili kati ya sitini vilikuwa vimejaa mayai. Hebu fikiria. Kijiji kinachojiona kizima, kinachojisifu kwa mpunga wake na afya yake, na karibu kila nyumba ina kichocho kizito kuliko alichokisoma vitabuni. Aliandika sentensi ya kwanza ya ripoti, akaifuta, akaiandika kwa nguvu zaidi. Alijiona tayari Dakar, amevaa koti jeupe lisilo la kuazima. Alimwita Mzee Asani aje aone, na hata sauti yake ilikuwa imebadilika.

Mzee Asani si mtu wa kukimbilia kusema. Alitazama kioo kimoja, akaomba kingine. Alipofika cha kumi alivua miwani, akaifuta, akairudisha, akaanza tena tangu mwanzo. Ndipo alipomwonyesha Spès kitu ambacho furaha ilikuwa imemficha. Kando ya mayai ya kichocho kulikuwa na mayai ya minyoo mingine, yale yenye vizibo huku na huku. Katika kila kioo hesabu zilikaribiana: arobaini na kitu ya kichocho, matatu au manne ya yale mengine. Kikopo cha nyumba ya bikizee wa miaka sabini, cha nyumba ya mlevi, cha nyumba yenye watoto tu, vyote hesabu moja.

"Spès, hii haiko ya bantu makumi tano na mbili," alisema Mzee Asani kwa upole. "Iko tumbo moja. Na huyu muntu, asipopata dawa, atakufa."

Spès alikasirika kwanza, kama tunavyokasirika sote tukiambiwa ukweli kabla hatujala. Alisema haiwezekani. Alihesabu upya vioo ishirini, akiomba kila kimoja kimkatalie mzee. Kila kimoja kilimkubali mzee. Alipoinua uso machozi yalikuwa yakimtiririka, si ya huzuni, ni ya hasira tupu. Mzee Asani akaongeza jambo moja, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa, wala hakuwa akimshawishi. Watu wa Dakar hawataona vioo, wataona namba tu. Na vita hii inavyoshuka bondeni, hakuna atakayekwenda Mutarule kuhakikisha. Alisema hivyo, akaingia nyuma ya pazia kutawadha, akamwacha na mlango ukiwa wazi mbele yake.

Hapo basi ndipo alipokuwa. Akituma zile namba, ripoti yake itang'aa. Akizifuta, anabaki na vikopo vinane na siku mbili. Nisimpambe: usiku ule hakuwa mtakatifu. Alizipanga zile namba kwenye jedwali zuri, akalitazama sana, akaona linapendeza. Lakini kila alipofumba macho alimfikiria yule mtu mmoja asiyemjua, mwenye mayai arobaini katika kila punje ya haragwe, anayetembea Mutarule akidhani yu mzima. Asubuhi ya Alhamisi aliomba vidonge vya kichocho kutoka kabati la Mzee Asani. Mzee alimhesabia vya kutosha watu wanne, kama akiba, akamwambia aende upesi na arudi upesi zaidi.

Dereva wa moto alikubali kwa shingo upande. Barabara yote ilikuwa inashuka: askari wasio na viatu, ng'ombe, akina mama na vyungu, mtu mmoja amebeba mlango wa nyumba yake; wao peke yao ndio waliokuwa wanapanda. Kila waliyepishana naye aliwapungia mkono warudi. Spès alimshika dereva kiunoni, akawa anarudia moyoni swali atakalomuuliza mama yake. Hofu ilikuwepo, lakini juu yake kulikuwa na hamu kali ya kujua ambayo hata yeye ilimshangaza.

Pudentienne alikuwa anafunga mizigo uani. Alipoulizwa hakuona haya hata chembe, alijibu akikaza kamba. Ndiyo, vilijazwa na mtu mmoja. Alizunguka nyumba kwa nyumba Jumapili jioni akawaambia majirani wasimwaibishe mtoto. Nyumba nane tu zilikataa, zikajaza vyao wenyewe, kwa sababu zina ugomvi naye wa mpaka wa shamba. Akamkumbusha Spès harusi ya binti wa jirani yao Candide: kila nyumba ilipeleka pombe ya ndizi kwa wakwe, lakini pombe yote ilitengenezwa na mama mmoja mwenye mkono mzuri, na hakuna aliyeita huo udanganyifu. Kijiji kikipeleka kitu nje hupeleka kilicho bora. Mtihani ni wa mtoto wetu, basi tumetoa tumbo bora kuliko yote. Tumbo hilo lilikuwa la Libérat.

Spès aliketi juu ya mzigo. Kila mtu Mutarule anamjua Libérat, mgawa maji. Ndiye anayefungua na kuziba mifereji ya mpunga, shamba baada ya shamba kwa zamu, akisimama majini tangu alfajiri hadi jua linapokuwa kali. Ana kifua kipana, hubeba magunia mawili kwa pamoja, na hakuna aliyewahi kumwona amelala mchana. Wanamwita Chuma. Kwa macho ya kijiji hakuna mtu mzima kumpita. Kwa macho ya hadubini, hakuna aliyekaa zaidi yake katika maji yenye konokono wa kichocho. Spès alitamani kucheka na kulia kwa pamoja, na nadhani alifanya vyote viwili.

Alimkuta Libérat kwenye mfereji mkuu, bado anagawa maji wakati wenzake wanafunga mizigo, kwa sababu, alisema, mpunga haujui vita. Spès alimwita Papa Libérat, akamwomba atoke majini, akamweleza bila kuzunguka alichokiona. Libérat alicheka kwanza. Halafu akatazama pande zote, akasogea karibu, na sauti yake ikawa ndogo kuliko kifua chake.

"Damu naionaka tangu myaka mbili," alisema. "Lakini bananiitaka Chuma. Sasa Chuma atasema namna gani iko anatoka damu?"

Spès alimpima urefu kwa kumsimamisha kwenye ufito alioutia alama, maana idadi ya vidonge hufuata urefu wa mtu, akampa vidonge vyake. Libérat akavimeza kimoja kimoja na kiazi kilichopoa, akikunja uso kwa ule uchungu. Aliomba jambo hili libaki kati yao. Spès alimwambia kwamba haliwezi kubaki, kwa kuwa kila anayepanda mpunga Mutarule anakanyaga maji yaleyale. Si yeye peke yake aliyekuwa mgonjwa, ila katika nyumba zile hamsini na mbili yeye peke yake ndiye aliyepimwa. Libérat alifunga mlango wa mfereji, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa vita yoyote, akatembea hadi njia panda ambako watu walikuwa wanakusanyika kuondoka. Akapanda juu ya gunia, akawaambia mwenyewe, kwa mdomo wake, kuhusu damu. Watu waliacha kufunga kamba. Milio ya kwanza ya risasi ilisikika upande wa Sange alipokuwa bado anasema, na hakuna aliyekimbia mpaka alipomaliza.

Spès alirudi Uvira jioni ile pamoja na mama yake, watatu juu ya moto mmoja, na furushi la sufuria likimgonga mgongoni njia nzima. Ijumaa mji uliamka vibaya. Maduka yalifungwa, risasi zililia huku na huku, na mtandao wa simu wa upande wetu ulikatika. Mzee Asani alimpa laini ya simu ya Burundi, ambayo ukikaa chini karibu na dirisha hushika mnara wa ng'ambo ya mpaka. Wakalala sakafuni watatu, Mzee Asani, Pudentienne na Spès. Spès akalifungua lile jedwali zuri, akalifuta lote.

Kisha akaandika, na sijui kama amewahi kuandika vile tena. Maneno yalimtoka moto. Aliandika kwamba nyumba hamsini na mbili alizopima zilikuwa mtu mmoja. Aliandika kwamba kosa halikuwa la kijiji, lilikuwa lake, kwa kuwa aliwaambia watu ni mtihani, na hakuna mtu mwenye upendo anayempelekea mtoto wake aibu mtihanini. Alieleza habari za pombe ya harusi, za mfereji, za mtu aliyesimama juu ya gunia akasema alichokificha miaka miwili. Hakutaja jina lake. Kuhusu faida kwa jamii alikuwa na jambo moja tu la kusema: mgonjwa mmoja amemeza dawa, na watu wapatao mia mbili wamesikia kutoka kwake kwa nini. Alituma saa kumi na dakika arobaini. Alama ya kutumwa ilikawia, ikakawia, kisha ikatokea. Pudentienne aliuliza kama amepita. Spès akasema amekwisha kushindwa, na akashangaa kujiona mwepesi namna ile.

Miezi ikapita. Watu wengi wa Mutarule walivuka Ruzizi kwenda Burundi. Wengine, Libérat miongoni mwao, waliwekwa katika madarasa ya shule moja ya Kavimvira, familia tatu kwa kila darasa. Pudentienne alihamia kwao, kwa sababu hakupenda kula ugali wa Mzee Asani bila kufanya kazi. Mwezi wa sita, Spès akiwa anaosha vioo, simu ililia, ujumbe umeingia. Alisoma mstari wa kwanza, akamkabidhi Mzee Asani amsomee, kwani macho yake hayakuaminika tena. Mzee alisoma taratibu kama mtu anayesoma dua. Amechukuliwa. Ni mmoja wa wale kumi. Wanamtaka kabla ya kuja arudie upimaji wake, nyumba sitini, na safari hii watamtumia vidonge vya kutosha kila mtu atakayeonekana mgonjwa. Mzee Asani hakumaliza kusoma. Spès alikuwa amekwisha kutoka nje na koti la maabara, glavu mkononi, anakimbia kuelekea Kavimvira, na watu wa sokoni wanampisha wakidhani vita imerudi.

Alipofika shuleni alinyoosha simu tu. Walielewa. Kelele zilizopigwa pale ziliwatoa nje hata askari wa kizuizi cha barabarani. Libérat alimwinua juu kama gunia moja, si mawili, maana bado alikuwa anarudisha nguvu. Spès alipopata pumzi aliwaeleza kuhusu vile vikopo vingine sitini, akiwa na wasiwasi mwingi. Safari hii alichagua maneno. Alisema si mtihani tena, hakuna wa kupita wala kuanguka. Anayeumwa ataonekana na atapewa dawa, basi.

Vidonge vilipowasili, vikopo vilimfuata siku hiyohiyo. Watu walijipanga kwenye veranda ya shule, kila mmoja ameshika chake, hata nyumba mbili kati ya zile nane za ugomvi. Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Pudentienne. Alikiweka kikopo mezani, akakaa kwenye dawati la wanafunzi kungoja, mikono juu ya magoti. Spès alitengeneza kioo chake palepale, kwa sababu ya furaha, kwa kuwa ilipendeza mama yake awe wa kwanza. Akainama kwenye hadubini aliyoazimwa na Mzee Asani.

Hakuhitaji kuhesabu hadi mwisho. Yalikuwa mengi kuliko ya Libérat.

Aliinua uso. Pudentienne alikuwa anamtazama kwa utulivu, na Spès akaelewa kwamba habari hii ilikuwa ngeni kwa mtu mmoja tu mezani pale. Alimuuliza tangu lini.

"Zamani," alisema Pudentienne. "Ningekupatia yangu ile siku, ungebaki hapa juu ya kunitunza. Miye nakujua, Spès. Njoo unipime sasa, bantu banangoja."

Spès alimsimamisha mama yake ukutani, akapiga mstari wa chaki juu ya kichwa chake, akahesabu vidonge. Vilikuwa vinne na nusu. Alimpa kimoja kimoja na maji, akimshikia kikombe mpaka cha mwisho, kisha akaandika jina lake kamili kwenye daftari na kumwita anayefuata.